Punda Aachiwe Achague

Mayala wa mtaani kwetu anajua kila kitu kuhusu punda isipokuwa namna ya kuishi naye. Ukimkuta sokoni atakueleza kwamba punda ana kumbukumbu, punda ana hisia, punda anaujua uso wa mtu hata baada ya mwaka. Atayasema hayo akiwa ameegemea kigari chake, amevaa fulana aliyopewa na watafiti, yenye picha ya punda anayetabasamu, imemkaza tumboni. Punda wake wa sasa atakuwa amesimama juani karibu naye, amefungiwa matofali ya kujengea nyumba nzima, hajaonja maji tangu asubuhi. Mayala hataona mgongano wowote kati ya maneno yake na huyo mnyama. Hiyo ndiyo akili aliyojaaliwa.

Namjua vizuri kwa sababu ukuta wa uani kwake unaishia kwenye kibaraza changu cha ushonaji. Tena ni mtani wangu. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Babu wa babu yangu alipanda huku na misafara akiwa na robota la nguo begani, akafika Unyanyembe, akapata mke na kiwanja, akaona hana haja ya kurudi pwani. Tangu enzi hizo, sisi na Wanyamwezi tunatukanana bila kugombana. Naweza kumwambia Mayala mbele ya wakwe zake kwamba kichwa chake kingefaa kutwangia mpunga, naye atacheka na kunijibu kwamba Wazaramo tunauza hata sanda za mama zetu tucheze ngoma. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani dharau iliyomo humu ni ya utani. Ya utani niliimaliza zamani. Hii ni dharau yenyewe.

Mkewe aliitwa Amne, mtoto wa wakulima wa Puge, mwanamke mpole mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alipoolewa na kuja Tabora hakuja na kitanda wala kabati. Alikuja juu ya lori la mpunga pamoja na punda jike mwenye rangi ya wingu la mvua. Kaka yake, Deus, ndiye aliyemwokota yule punda akiwa mchanga kabisa, amesimama kando ya mama yake aliyegongwa na lori barabarani. Deus alitaka kumwacha hapo hapo, maana mtoto wa punda asiye na mama ni kazi bure. Amne akamchukua. Akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa, baadaye uji mwepesi, na usiku wa baridi akamlaza jikoni. Akampa jina la kike la kwao, Kalunde. Watu wa Puge walimcheka kwa kumpa mnyama jina la binti, naye akawaacha wacheke.

Hapa mjini, Kalunde ndiye aliyemlisha Amne. Mabomba yetu mnayajua. Yakikauka, Amne alipakia madumu kwenye kigari na kuzungusha maji mitaani, na punda alisimama mwenyewe kwenye milango ya wateja bila kuvutwa. Fimbo hakuwa nayo. Alikuwa akitembea mbele, anaongea na punda kwa Kinyamwezi kwa sauti ya chini, na Kalunde anamfuata.

Mayala naye alikuwa na punda wake wa matofali, lakini wake walikuwa hawadumu. Aliwapiga asubuhi ili waanze kazi, akawapiga mchana ili wasiimalize polepole, na jioni akawapiga kwa sababu mkono ulikuwa umeshazoea. Mmoja alipokufa alisema ni minyoo. Mwingine alipokufa alisema ni hasidi. Hakuwahi kusema ni yeye, na ukimwambia alishangaa kweli kweli, kwa sababu kwake punda alikuwa kitu cha kutumia mpaka kiishe, kama sabuni.

Basi wakaja watafiti. Kiongozi wao alikuwa binti mmoja kutoka chuo kikuu, Julieth, mwenye adabu na kofia pana. Walitaka kujua kama punda humkumbuka mtu aliyemtendea vizuri na aliyemtendea vibaya. Walikodi punda wa mjini, na Mayala akajipenyeza mpaka akawa msaidizi wao, kwa sababu penye chai ya bure huwa hachelewi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa. Mtu mmoja alimlisha punda na kumsugua shingo. Mwingine alimtikisia debe lenye mawe masikioni mpaka akaogopa. Baada ya muda mrefu wale watu wawili walisimamishwa pande mbili za zizi, punda akaachiwa. Wakaona punda wanakwenda kwa yule wa kwanza na kumkwepa wa pili, hata akibadilisha shati. Wakaona pia kwamba mnyama hategemei macho tu. Anashika harufu, anashika sauti, anashika mwendo.

Mwishoni, Julieth aliwakusanya wenye vigari wote. Nilikuwepo, maana mimi ndiye niliyeshona vitambaa vya kufunika meza. Alizungumza vizuri, nakiri. Alisema punda anayekumbuka kipigo anakipata mara nyingi: anapopigwa, na kila anapomwona mwenye fimbo akija. Kwa hiyo, alisema, anayempiga anamtesa hata siku asiyompiga. Aliwaomba waache. Wenye vigari walitikisa vichwa kwa huzuni kubwa, wakanywa soda zao, wakatoka nje, na kabla sijamaliza kukunja vitambaa vyangu nilisikia fimbo zikilia barabarani.

Mayala peke yake ndiye aliyeonekana amefikiri. Jioni ile alikuja kibarazani kwangu. Halafu akaniambia amepata mwanga.

"Mtani," alisema, "kumbe tatizo si kupiga. Tatizo ni kujulikana."

Nilidhani ni mzaha, nikamtukana kama kawaida, naye akacheka akaenda zake. Nawaambia, dunia nzima ingemletea mtu huyu elimu kwa mabehewa, naye angeshusha mzigo wote na kubaki na kile tu kinachomsaidia kuwa mbaya zaidi.

Muda si mrefu Amne akaenda Puge msibani. Aliporudi alimkuta Kalunde ana kidonda wazi begani, nzi wamekizunguka, na vumbi la matofali mgongoni. Mayala alikuwa amemaliza punda wake wote, akamfunga huyo. Amne hakupiga kelele. Alimwosha punda kwa maji ya chumvi, akafunga nguo zake chache kwenye furushi, akashika kamba ili aondoke naye. Mayala akasimama mlangoni. Akasema mke akitaka kwenda aende, lakini punda amekula majani ya uani kwake miaka yote na ni mali ya nyumba.

Amne akaondoka bila punda, akahamia kwa dada yake wa ukoo ng'ambo ya reli, akapeleka shauri kwa wazee wa mtaa. Hakudai kingine chochote. Hakudai sufuria wala godoro wala mume. Alimdai Kalunde tu, maana huyo ndiye aliyekuwa riziki yake, na Amne ndiye aliyemlea kwa mkono.

Mwenyekiti wa wazee alikuwa Mzee Majidi, fundi seremala, mtu mwema anayechukia kulaumiwa kuliko anavyochukia dhuluma. Alisikiliza pande zote mbili, akashika ndevu. Mashahidi wa Puge walikuwa mbali, na wa mjini walikuwa majirani wasiotaka ugomvi. Hapo ndipo Mayala, amevaa fulana yake, aliposimama na kutoa shauri. Alisema zamani watu walikuwa gizani, lakini leo utafiti umethibitisha kwamba punda anajua nani anamtendea wema. Kwa nini wazee wajisumbue? Wasimame yeye na Amne pande mbili, punda aachiwe achague. Atakayefuatwa amchukue.

Wazee walipenda mno. Punda akiamua, nani atamlaumu Mzee Majidi? Wakamgeukia Amne, nao walitegemea atakataa. Amne alikubali upesi, tena kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. Yeye alimwamini Kalunde kabisa. Wakapanga iwe Ijumaa baada ya swala, na punda abaki alipo mpaka siku hiyo.

Kesho yake asubuhi nilisikia fimbo uani. Nikapanda juu ya kigoda changu, nikachungulia. Nilimwona mtu amejifunga kanga nyekundu ya Amne kichwani na mabegani, na chini ya kanga ile zimetokeza ndala za Mayala na vifundo vyake vya miguu. Kanga hiyo Amne aliiacha kwenye tenga la nguo chafu. Nyingine safi zilikuwepo, zimekunjwa. Alichagua ile yenye jasho lake makusudi, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba punda anashika harufu. Alimpiga Kalunde juu ya kile kidonda, kimya, bila kutoa sauti ili asijulikane kwa sauti, hata mwendo wake alikuwa ameulegeza uwe wa kike. Punda alikuwa anajibana ukutani. Halafu Mayala akaingia ndani, akavua kanga, akatoka mlango wa mbele na kuzunguka kwa sauti kubwa, amebeba pumba na ndoo ya maji. Akamwita Kalunde kwa jina. Akamsugua shingo kama watafiti walivyosugua. Na punda yule, mwenye njaa na maumivu, akamwekea kichwa kifuani.

Nimeona watu wakipiga wanyama maisha yangu yote. Mtu akipiga kwa hasira, walau hasira huisha. Huyu alikuwa ametulia. Alikuwa amesikia kwamba mnyama ana moyo unaoweza kuumia, na habari hiyo ilimwonyesha tu pa kulenga. Nilimwita juu ya ukuta, nikamwambia alivyo mchafu, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Akanitazama akitabasamu.

"Mtani, hii ni sayansi," alisema. Na keshoye akarudia.

Nilikwenda moja kwa moja karakanani kwa Mzee Majidi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza kila kitu. Alicheka mpaka akaweka randa chini. Nilimwapia kwa jina la mama yangu. Akazidi kucheka. Aliniambia mimi ni mtani wa Mayala, na wiki iliyopita tu nilisema Mayala anaiba viatu msikitini, na kabla ya hapo nilisema babake alizaliwa na fisi wa Usoke. Maneno yangu juu ya Mayala yakitiwa maanani, alisema, itabidi wamfunge kila mwezi. Nikamwambia utani una mahali pake, na hapa sipo. Akanijibu kwamba hiyo nayo ni kauli wanayopenda kuitumia watani. Mtu mwingine wa kushuhudia hakukuwepo, kwani ukuta ule ni mrefu pande zote isipokuwa kwangu. Basi nikarudi nyumbani, mjinga niliyefungwa mdomo na desturi yangu mwenyewe.

Nilimwendea Amne. Yeye aliniamini, alilia, akataka kwenda kumpokonya punda usiku huo huo, dada yake akamzuia. Halafu akafuta macho akasema hana wasiwasi.

"Kalunde ananijua mimi, da Zamda. Kanga si mimi."

Ijumaa watu walijaa kiwanjani kando ya karakana. Mayala alimwalika Julieth, naye alikuja na kofia yake, amefurahi kuona utafiti unawafaa wananchi. Amne aliazima gauni la dada yake, akaoga mara mbili, hakuvaa kanga yoyote. Alisimama upande wa mashariki. Mayala upande wa magharibi. Kalunde akaletwa katikati, akafunguliwa.

Amne akamwita kwa Kinyamwezi, kwa ile sauti yake ya chini ya kuzungusha maji. Punda akasimamisha masikio. Akageuka. Akaanza kumwendea, na nilisikia watu wakisema, haya, kwisha kazi. Alikwenda mpaka akafika karibu kiasi cha mkono kumfikia. Hapo akavuta pumzi. Masikio yakalala, miguu ya mbele ikaanza kutetemeka, mkojo ukamtoka pale pale aliposimama. Amne alinyoosha mkono wake wazi, mtupu, akamwita tena. Kalunde akaruka kando, akakimbia kiwanja kizima, akajificha nyuma ya Mayala.

Watu walipiga makofi. Mzee Majidi akasema mnyama hana hila, na hukumu imetoka kwa mwenyewe. Wanawake waliokuwa wakinunua maji kwa Amne walianza kumtazama kwa jicho jingine, wakinong'ona kwamba wapole ndio wabaya. Walimjua kwa miaka, wakaacha wanachokijua kwa sababu ya walichokiona kwa dakika moja. Mayala alikuwa amemkumbatia punda shingo. Machozi yalikuwa yakimtoka, nadhani hata yalikuwa ya kweli, maana mtu wa namna ile hujidanganya mwenyewe kwanza.

Mzee Majidi akamuuliza Amne kama ameridhika. Amne alikuwa bado ameunyoosha ule mkono.

"Mzee, mimi sikumlea kwa sababu ana akili," alisema. "Nilimlea kwa sababu alikuwa na njaa. Kama mlitaka kujua nani anamtendea wema, mngelitazama bega lake."

Hakuna aliyelitazama. Kidonda kilikuwa pale pale, kikubwa kama kiganja, mbele ya wazee, mbele ya mtafiti, na wote walikuwa wametazama miguu ya punda ili wajue amekwenda wapi. Mayala akaanza kuhutubia kuhusu upendo kwa viumbe. Hapo nikachoka.

Nilivuka kiwanja, nikashika kamba ya Kalunde mkononi mwa Mayala, nikamwambia, mtani, huyu nimemchukua. Sasa, wasiojua mambo yetu waelezwe. Mtani akichukua kitu chako hadharani, mchana, mbele za watu, hushtaki wala hununi. Unacheka, unasubiri zamu yako ya kumchukulia chake. Mama yangu aliwahi kuepua jungu zima la nyama arusini kwa Wanyamwezi, wakampigia vigelegele. Mayala alicheka, na watu wote wakacheka. Alidhani nitamzungusha punda kidogo nimrudishe. Nilipofika barabarani bado navuta, kicheko chake kikaanza kukauka, akamwangalia Mzee Majidi amsaidie.

Mzee Majidi akaniita kwa sauti ya mwenyekiti. Alisema punda ni jambo zito, si kuku.

"Maneno yangu hukuyasikiliza kwa sababu ni ya mtani," nilimwambia. "Basi na mkono wangu huu ni wa mtani."

Wazee wa Kinyamwezi waliokuwepo walicheka kwa nguvu zaidi kuliko wote, na mmoja wao akamwambia Mayala kwamba akikasirika atakuwa wa kwanza katika ukoo wao kuvunja utani kwa ajili ya punda. Mayala akabaki pale, amekenua meno. Kurudishiwa asingeweza kudai, na kucheka hakuweza kuacha. Baadaye alikuja kibarazani kwangu akachukua pasi yangu ya mkaa. Nikamwachia.

Jioni ile ile nilimpeleka Kalunde ng'ambo ya reli na kumfunga uani kwa Amne. Julieth alitufuata huko kesho yake. Bega alikuwa ameliona hatimaye, na aliposikia habari ya kanga alikaa chini kwenye kizingiti na kushika kichwa. Aliomba radhi. Halafu, Mungu anisamehe, akauliza kwa upole kama Amne angekubali warudie jaribio akiwa na nguo mpya, ili ijulikane kama ni harufu au ni umbo. Amne alimwambia hapana, mwanangu, na akamkaribisha chai.

Kidonda kimepona. Mayala amenunua punda mwingine na anaendelea kuelimisha umma. Wazee husema mambo yaliisha vizuri, kila mtu alicheka. Lakini Amne hawezi kumfunga Kalunde kigari. Madumu anayasukuma kwa baiskeli ya kuazima, maana akimsogelea tu, mnyama anajibana ukutani na kutetemeka. Amebadilisha sabuni, amebadilisha mafuta, amejaribu kuja kwa magoti. Jioni anamwaga pumba kwenye karai, anamwita kwa jina mara moja, kisha anaingia ndani na kufunga mlango. Anasimama nyuma ya mlango, hasogei, mpaka asikie anatafuna.